Kitufe cha Kambale

Wadogo zangu wa chumba cha foni, mliponiaga mwezi uliopita kwa soda na saa ya ukutani, mliniomba niwaandikie kumbukumbu zangu, na mmoja wenu akaongeza kwamba niandike hasa mambo ya ushujaa. Hapo mmekosea mtu. Mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa kuvuka barabara karibu na soko, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti sikuwahi kushika maikrofoni bila kuiogopa. Sioni haya kusema hivyo. Foni ikiharibika utajua mara moja. Fonisti asiye na woga akikosea, utajua siku gari lisiporudi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilipewa kwa sababu nilizeeka kazini, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi Vumilia ni mzaliwa wa Ariwara. Nilikuja Bunia kwa kuolewa na Anselme, ambaye alikuwa shoferi na hajawahi kutaka kuwa kitu kingine. Tulipanga nyumba mtaa wa Lumumba. Vita vilipoanza, lori alilokuwa akiendesha lilichukuliwa na watu wenye bunduki, tukabaki na watoto na masufuria. Jirani yetu, muzee Athanase, alikuwa na nyumba ya foni, redio ya kuita miji ya mbali, akanichukua nimsaidie. Nyinyi mliokua na simu mfukoni hamkuiona hali hiyo: chumba kimoja, betri ya gari chini ya meza, redio ya masafa marefu juu yake, waya wa antene umefungwa kati ya mikaratusi miwili, na watu wamepanga foleni nje ili waongee na ndugu zao wa Aru, Mahagi au Butembo. Kila mwenye redio kwenye masafa yale alisikia kila neno. Wafanyabiashara walisikia, mapadri walisikia, na wenye silaha walisikia kuliko wote, maana wao walikuwa na nafasi ya kusikiliza kutwa nzima.

Siku ya kwanza nilidhani atanifundisha vitufe. Hakunionyesha hata kimoja. Alinikalisha nyuma ya pazia, akaniambia nisikilize. Akaja mama mmoja mwenye duka, akataka kumwambia dada yake wa Mahagi kwamba kijana wao anaondoka kesho na lori la bidhaa. Alipofungua tu kinywa, muzee Athanase alimchukulia maikrofoni mkononi, taratibu, akaongea yeye: kijana anawasalimia, ana homa kidogo, yuko nyumbani amelala. Mama yule alitoka amekasirika kweli. Muzee alimwacha aende, kisha akageuka kwangu.

"Mu foni, hapana sema mutu iko wapi," aliniambia. "Sema iko muzima, basi. Ukisema iko wapi, umemuuza."

Nililala na maneno hayo wiki nzima. Nilianza kuwaza watu wote niliowahi kuwasikia wakitangaza safari zao, na kujiuliza wangapi walifika.

Mengine nilijifunza polepole. Ukikohoa, achia kitufe kwanza. Ukiona mawingu upande wa ziwa, chomoa antene kabla ya mvua, usisubiri radi ikukumbushe. Siafu wanapenda joto la redio; paka majivu kwenye miguu ya meza. Na sikio lizoee ule mkaango wa foni, ile sauti ya vitunguu vikiingia kwenye mafuta, mpaka uweze kusikia mtu anavyovuta pumzi ndani yake.

Vita vile vya kwanza vilipopoa, huduma ya kusafirisha wagonjwa ilifungua ofisi hapa mjini, ikatuajiri sote wawili, Anselme akiwa shoferi na mimi fonisti. Magari yalikuwa ya jeep, yakichukua wagonjwa kwenye vituo vya afya vya milimani na kuwapeleka hospitali. Kila gari lilikuwa na foni yake, na wote tulikuwa kwenye masafa mamoja, hivyo alichosema mmoja kilisikika magari yote. Ndipo nilipokutana na Kambale.

Kambale alitoka Butembo. Alikuwa shoferi mwenye mikono ya dhahabu na mdomo wa kuchoma. Binti yangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya, naye akatangaza foni nzima kwamba atamwoa, kwa hiyo mimi ni mkwe wake na kazi yangu ni kumpikia. Kila asubuhi alifungua foni kwa kunitukana. Bunia, unakoroma, nakusikia mpaka huku. Bunia, chai imeisha ama bado unakunywa masufuria mazima? Nami nilimjibu vilevile, kwamba aendeshe gari, si ng'ombe anaowapeleka sokoni. Hata siku alipotutangazia msiba wa baba yake alianza na chai yangu, ndipo sauti ikamkatika. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kwa heshima, nami sikuhitaji.

Na Anselme je? Mume wangu nilimgombeza kwenye foni hadharani, naye alinijibu kwa kelele. Kwa nini umeondoka bila kuacha hela ya chumvi, kwa nini umempakia fulani, kwa nini hukunywa dawa. Wakuu walitupa onyo mara kadhaa. Tulisoma onyo pamoja, tukagombana juu ya maana yake.

Kisha vita vikarudi. Sina haja ya kuwaeleza, wengi wenu mlikuwepo, na wengine mlilala kambini na wazazi wenu waliokimbia Djugu. Barabara zilijaa bariyeri, vizuizi vya wenye silaha. Magari yalipotea, na tulipoyatafuta tulikuta yamepinduka korongoni na waliokuwemo wamekwisha kufa kwa kukosa mtu wa kuwachukua. Wakuu wetu wakaona tufungiwe vile visanduku vya kuita msaada.

Aliyevileta ni injenia Trésor, kijana kutoka Kinshasa, mpole, mwenye kusikiliza. Alitueleza vizuri mpaka hata mimi nikaelewa. Kila kisanduku kinatuonyesha gari lake kama nukta kwenye kompyuta, na ndani yake kuna kitu kinachohisi mshtuko. Gari likigonga kwa nguvu au likilala ubavu, kisanduku kinalia tii-tii ndani ya gari kwa muda mfupi. Shoferi akibonyeza kitufe chekundu, kinanyamaza, na sisi Bunia tunaona rangi ya njano kwenye kompyuta, maana yake amezima. Asipobonyeza, kinatuma wito chenyewe kwa setilaiti: king'ora kinalia kwetu, halafu sauti inafunguka, fonisti anaongea na maneno yake yanatoka kwenye spika juu ya kichwa cha shoferi. Nasi pia tunaweza kuifungua sauti hiyo tukitaka kusikia kinachoendelea ndani, ila kengele ndogo inalia kwanza garini, kwa sababu waliokitengeneza wanaona si haki mtu asikilizwe bila kujua. Trésor alikifunga kimoja kwenye godoro, tukakibiringisha kwenye ngazi za ofisi. King'ora kilipolia wote walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kivulini.

Alinifuata kuuliza nimeona kosa gani. Nilimwambia sijaona kosa. Nilimwambia tu kwamba nimefundishwa kazi nzima nisiseme mtu yuko wapi, na sasa ameniletea kitu ambacho hakijui kusema kingine. Akanieleza kwamba ujumbe umefungwa, hakuna wa kuusoma ila sisi. Nilimwamini, na alikuwa mkweli. Lakini mtu wa kwenye bariyeri hajui habari ya ujumbe uliofungwa. Yeye anaona taa ndogo inawaka na kuzima ndani ya gari lako. Nilimwomba angalau aitoe ile kengele. Alijaribu siku mbili, kisha akaja kuniambia kwa masikitiko kwamba haitoki.

Mashoferi walikibatiza kisanduku jina la Songi-songi, mbea, kwa sababu kilisema kila kitu. Na barabara zetu mnazijua. Kila shimo lilikuwa ajali. Songi-songi alilia kwenye mashimo, kwenye mitaro ya mvua, siku moja alilia kwa sababu Kambale aliufunga mlango kwa hasira. Baada ya miezi michache mikono ya mashoferi ilikuwa imejifunza: tii ya kwanza, kidole kiko kwenye kitufe. Kwetu njano ilimulika mpaka tukaacha kuitazama. Na kila mara Kambale alifungua foni papo hapo: "Ni shimo, mukwe. Kunywa chai yako."

Halafu yakampata Anselme. Alifika bariyeri moja, kijana akamwamuru ashuke na mikono juu, na gari lililokuwa halijafungwa breki vizuri likateleza likagonga gogo. Songi-songi akaanza kulia. Anselme yuko nje, mikono juu, hawezi kubonyeza. Wito ukafika Bunia, na mwenzetu wa zamu akafanya kama sheria inavyosema, akaongea. Wale vijana wakasikia sauti ya mtu kutoka kwenye dari ya gari tupu. Walimuuliza ameita wanajeshi wangapi, na kila alipojibu hakuna, walimpiga. Kisanduku walikivunja kwa kitako cha bunduki. Alirudi nyumbani uso umevimba, kidole kimevunjika, akaniomba maji ya moto bila kelele, na ukimya wake ule uliniogopesha kuliko uvimbe. Tangu hapo aliendesha gari lisilo na kisanduku. Trésor aliahidi kingine kitaletwa. Niliomba Mungu kichelewe, ingawa kitu kinachotoka Kinshasa hakihitaji kuombewa hivyo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Anselme alikuwa amelala Nyankunde, alikopeleka dawa, na alipaswa kurudi Bunia mchana. Kambale alitoka asubuhi kwenye kituo cha afya cha milimani na muuguzi mmoja na mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama tangu jana yake. Alikuwa anampeleka hospitali ya Nyankunde akapasuliwe. Kwa hiyo walikuwa kwenye barabara moja, wakielekeana. Simu za mkononi zilikuwa zimekatika mji mzima tangu alfajiri, jambo la kawaida siku zile. Tulikuwa na foni na visanduku tu.

Kwenye kompyuta jina la Kambale lilimulika. Njano. Amezima. Niliweka kikombe chini, nikangoja nitukanwe.

Hakuna aliyenitukana. Mkaango tu. Nikatazama kompyuta: nukta ya Kambale ilikuwa imesimama kwenye kona moja yenye mashamba ya mihogo pande zote mbili, na hapo mahali nilipajua, hapana shimo. Nikajipa moyo kwamba ni pancha. Nikajipa moyo tena kwamba ameshuka kumpa mgonjwa maji. Nukta haikusogea. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kufungua sauti, na ndipo nilipoikumbuka ile kengele. Kama kuna mtu amesimama kando ya gari lile na bunduki, nami nikaliza kengele, nimemaliza watu watatu. Nilirudisha mkono, nikaukalia.

Mkuu wa kituo aliniona, akaja kusimama nyuma yangu. Nikachukua foni, ambayo ni ya kila siku na haimshtui mtu, nikamwita Kambale kwa sauti ya kawaida. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akajibu.

"Bunia, nakusikia, Madame. Hapa iko muzuri. Ilikuwa shimo tu, tunapumzika kidogo. Asante sana, Madame."

Niliogopa. Ningemsikia akilia, au akipiga kelele, nisingeogopa vile. Kambale, ambaye hakuwahi kunipa hata salamu moja nzima, ananiita Madame mara mbili na kunishukuru. Nilijua mle garini hayuko peke yake, na kwamba wanasikiliza nitakachojibu. Nikabonyeza kitufe, nikajibu kwa Kifaransa cha foni kwamba nimesikia.

"Bien reçu, Papa Kambale. Pumzikeni muzuri."

Nikaiweka maikrofoni chini. Nilimweleza mkuu ninavyofahamu, naye hakubisha, maana hata yeye alikuwa amezoea matusi ya Kambale. Tukahesabu tulichonacho. Tukipeleka gari kutoka Bunia, wale watu watajua Kambale ameita, na watamwua kabla gari halijafika. Tukiwaambia wanajeshi, watakwenda kwa risasi, na yule mama amelala katikati. Gari moja tu lingeweza kupita pale bila kushangaza mtu, lile lililokuwa likirudi zake kutoka Nyankunde. Desturi ya barabara zetu ni kwamba ukimkuta mwenzako amekwama unasimama, hata wenye silaha wanaijua. Mkuu akasema hawezi kuniamuru, wala hawezi kuniomba. Akatoka nje, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga. Huenda vyote viwili.

Nibaki mkweli kwenu. Kulikuwa na neno moja ambalo ningemwambia Anselme: bakia. Angelala Nyankunde usiku wa pili, angekula vizuri, na hakuna mtu angenilaumu, kwa sababu sheria yetu inakataza gari kwenda mahali ambapo usalama haujulikani. Nililitaka neno hilo kwa moyo wangu wote. Gari lake halikuwa na kisanduku. Likipatwa na jambo, hakuna king'ora kitakacholia, hakuna nukta, atapotea tu. Na kidole chake kilikuwa hakijapona sawasawa. Lakini nilikuwa nimezaa mara tano, na mara moja kati ya hizo mtoto alikataa kutoka, najua saa zile zilivyo. Na Kambale alikuwa hasemi ana hali gani.

Tatizo ni kwamba foni ilikuwa wazi. Chochote nitakachomwambia mume wangu, wale watu watakisikia ndani ya gari la Kambale. Nilipaswa kumtuma na kumwonya kwa maneno ambayo hata adui angeyasikia bila kunyanyua kichwa. Nikamwita.

"Monsieur Anselme, Bunia."

Hata siku ya harusi sikumwita hivyo. Akaitika.

"Monsieur Anselme, safari yako ya kurudi iko vile vile. Papa Kambale iko mbele yako mu barabara, anapumzika. Umusalimie, tafazali."

Mkaango ulikuwa mrefu. Nilisikia pumzi yake ndani yake.

"Bien reçu, Madame," akasema. "Nitamusalimia."

Hakuna ugomvi tuliowahi kugombana ulioniuma kama adabu ile. Alikuwa ameelewa, na alikuwa anakwenda. Niliirudisha maikrofoni mahali pake.

Saa zilizofuata siwezi kuzisimulia vizuri. Kwenye kompyuta barabara ile ilikuwa na nukta ya Kambale peke yake, na haikutikisika. Ya Anselme haikuwepo kabisa. Nilikaa natazama mahali ambapo ingekuwepo. Magari mengine yaliita, niliyajibu, nikasikia sauti yangu ikitaja mafuta na tairi. Niliwaza nitawaambiaje watoto, na kila nilipoanza sentensi ilianza hivi: mimi ndiye niliyemtuma. Mvua ilianza kunyesha upande wa vilima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuchomoa antene.

Kisha foni ikafunguka.

"Bunia! Unalala? Mwanamuke, nafika Nyankunde tena, nalala hapa. Na hapana niulize mambo ya chumvi."

Nililia mbele ya watu wote, na niliongea naye hovyo, nikimgombeza kwa sababu nisizozijua. Wote watatu alikuwa nao. Mama alikuwa ameshaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Yeye na mtoto walipona, na huyo mtoto siku hizi anauza mandazi na mama yake.

Habari kamili nilizipata baadaye kwa muuguzi. Wale watu walikuwa wameweka miti kwenye kona. Kambale aliiona akiwa kwenye mwendo, akakata usukani, gari likalala ubavu mtaroni, paja lake likavunjikia chini ya usukani. Walimfikia mara moja. Waliuliza kile kitu chenye taa ni nini, akawaambia ni cha muziki na kimekufa. Foni ilipoita walimwekea bunduki sikioni wakamwamuru aseme mambo ni mazuri. Anselme alipotokea alisimama kama mtu aliyeshangaa, akawasalimu, akawagawia sigara na mafuta ya akiba, akaomba awaondolee mizigo hii inayovuja damu. Walibishana kwa lugha yao kwa muda mrefu. Mwisho mmoja wao alisaidia kumbeba mama yule.

Ofisini kila mtu alikuwa na hakika ya jambo moja: Kambale alizima wito kwa mazoea. Mashimo yalikuwa yamemharibu mkono, tulisema, ukabonyeza kabla kichwa hakijaelewa. Trésor alipopata habari alisikitika sana, akaandika kwa wakuu kwamba kitufe kile kiondolewe kwenye magari yote.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Nyankunde kumwona, na sombe ya majani ya mihogo na kuku. Alikuwa amelala mguu umening'inizwa. Nilianza na matusi yetu, nikamwambia mkwe amechoka kumpikia mtu asiyejua kukata kona. Hakucheka.

"Haukupashwa kutuma mutu," akasema.

Nilimwambia alikuwa anavuja damu. Nilimwambia tunajua mkono wake ulibonyeza kwa mazoea, hakuna anayemlaumu.

"Mukono yangu haikukosa, Mama Vumilia. Niliona wale watu mbele, kabla ya kupinduka. Songi-songi akaanza kulia, mi nikafikiri: ikifika Bunia, Vumilia ataona, na mwenye iko karibu ni Anselme. Anselme hana ata kisanduku. Basi nikazima. Nilizima na akili yangu yote." Akatazama ukuta. "Yule mama alikuwa analia nyuma yangu. Namuomba samahani mu roho mupaka leo, kwa sababu sikumuuliza."

Nikamuuliza, kama hakutaka tuje, kwa nini aliniita Madame. Si ndiyo ilikuwa alama?

Akanigeukia. "Madame? Mi nilikuita Madame?"

Hakukumbuka. Lilikuwa limemtoka kwa woga tu. Nilikaa pale mpaka kuku akapoa. Tulichodhani ni mazoea alikuwa amekifanya kwa makusudi, na nilichokichukua kama wito hakuwa anajua amekisema, na juu ya hicho ndipo nilipomtuma baba wa watoto wangu.

Mnaniuliza mara nyingi kwa nini kitufe chekundu bado kipo. Ni kwa sababu Trésor alikuja mwenyewe kutuuliza kabla ya kukitoa, na mimi nilisimama nikamwambia akiache. Nilimwambia kisanduku kinajua gari limepinduka, lakini hakijui nani amesimama kando yake, wala nani atakuja akiitwa. Aliyemo ndani anajua. Kama anataka tusije, awe na njia ya kusema hivyo, na kama sisi tunataka kwenda hata hivyo, hilo ni letu. Aliinamisha kichwa kukubali, akafunga mkoba wake. Kwa hiyo mkiona njano msinywe chai. Ogopeni kwanza.

Kambale hakuendesha tena. Anauza vipuri Butembo na ananitukana kwa simu, lakini siku hizi anaweka salamu mbele, na sijazoea.

Kuhusu siku ile, mimi na Anselme hatukuwahi kuizungumza. Alistaafu kabla yangu, na miaka yote nilibeba peke yangu lile neno ambalo sikulisema. Jana wakati wa chakula cha mchana nilimsomea haya niliyoandika, ili asije akasema nimemsingizia. Alisikiliza akitafuna. Nilipofika mahali ninapomwita Monsieur, alinyanyua mkono nisimame.

"Mbele uniite, kabla ya neno lako, nilikuwa nimekwisha kuwasha gari," alisema. "Foni yangu ilikuwa wazi. Nilisikia Kambale anasema Madame."

Nilimtazama. Nikamuuliza jambo nililoogopa kuliuliza miaka yote: kama ningemwambia bakia, angebakia?

"Hapana," akasema. "Ningezima foni."

Akavuta sahani ya sombe karibu yake, akaniambia haina chumvi.